Siku Mama Alipotuhesabu

Mama yangu, Norah Taaka, alikuwa mkalimani wa hospitali mjini Tororo kwa miaka minne, na sikumbuki mtu aliyempenda kwa kazi hiyo. Wagonjwa walimwita mdomo wa Mzungu. Wauguzi walimkasirikia kwa kuvaa viatu kama wao ilhali hakuwa na cheti. Baba, ambaye alibeba mifuko katika kiwanda cha saruji na kurudi jioni akiwa na nyusi nyeupe kama za mzee, alisema mwanamke anayeongea na wanaume wageni kutwa nzima hujifunza kujibu.

Kujibu alijifunza zamani. Alizaliwa Busia, upande wa Uganda, hatua chache tu kutoka mpakani, na nyanya yangu aliuza samaki wakavu sokoni. Kisamia kilikuwa cha nyumbani. Kiteso alikipata kwa kutukanwa na wanawake waliodai samaki wana wadudu, na alijua matusi yake kwanza, salamu baadaye. Kiswahili kilikuwa cha kila mtu. Kiingereza alikipata misheni, darasa la sita, kabla ya kuozwa kwa baba. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, na alipokasirika sauti ilizidi kushuka.

Alhamisi ndiyo iliyokuwa siku yake ngumu. Siku hiyo Daktari Harcombe alikuja kwa gari kutoka Mbale kuwaona watoto. Hakuwa daktari wa sindano. Alipokea watoto walioacha kusema, waliokimbilia porini, walioanguka bila homa, waliochoma vitu. Watu wa kwetu hawakuelewa kazi yake, kwa maana hakutoa dawa siku ya kwanza wala ya pili. Alimkalisha mtoto mbele ya meza, akampangia vibao vya rangi, akamwonyesha picha, akamuuliza maswali yaliyopigwa chapa kwenye fomu, na kila jibu akaliandika. Alisema hawezi kutibu kitu ambacho hajakipima.

Baada ya kupima kulikuwa na njia mbili. Mtoto ambaye daktari alimwona ana ufahamu alirudi kila Alhamisi kwenye veranda ya nyuma, akacheza na mchanga ndani ya sanduku na kuzungumza, mwezi baada ya mwezi, mpaka apone. Asiye na ufahamu alipandishwa treni kwenda Kampala, kwenye hospitali ya wenye wazimu, akalale pamoja na watu wazima. Kwetu hakuna aliyemjua mtoto aliyewahi kurudi kutoka huko.

Mama alipewa sheria moja. "Norah, wewe ni waya wa simu," daktari alimwambia siku ya kwanza. "Waya hauongezi neno wala haupunguzi. Ukiongeza, nitakuwa nimekupima wewe badala ya mtoto." Mama aliishika sheria hiyo. Alijivunia kuishika, hata akina mama walipomlilia wakiomba awasaidie watoto wao kwa neno moja tu.

Mwezi wa tisa mwaka 1959, chifu wa kata ndogo, yaani muluka, ya Mella, jina lake Okiror, alifika hospitali akimvuta msichana kwa kamba iliyofungwa kiunoni. Msichana aliitwa Amongin. Alikuwa na miaka kumi au kumi na mmoja. Nyuma yao, mbali kidogo, alitembea bibi yake, Ariokot, mama wa baba yake, kikongwe aliyeshika fimbo kana kwamba anatafuta wa kumpiga.

"Hii mtoto nachoma ghala yangu," chifu alisema kwa Kiswahili chake, akitaka kila mtu barazani asikie. "Mchana! Watu naona! Namuliza kwa nini, hasemi. Miezi miwili hasemi na mtu. Hii ni wazimu. Mimi nataka karatasi ya treni, basi."

"Karatasi hutoa daktari," mama alijibu.

"Wewe ni nani?"

"Mkalimani."

"Basi kalimani, mimi chifu. Mwambie Mzungu hana akili hii mtoto. Maneno mafupi tu."

Mama alimfungua msichana ile kamba. Amongin alimng'ata mkono, chini ya kidole gumba, mpaka damu ikatoka. Watu barazani walicheka. Ariokot hakucheka. Alitema mate chini akasema kwa Kiteso, "Mwacheni aende. Huyo ameshatumaliza."

Mama alifunga mkono kwa kitambaa akamwingiza mtoto chumbani.

Alinisimulia habari ya saa ile mara nyingi. Amongin aliketi akiwa amekunja magoti. Alipoonyeshwa picha ya ng'ombe asiye na mkia, aligusa pale mkia ulipopaswa kuwa. Alipoambiwa afunge kamba fundo, alifunga. Daktari aliandika. Halafu alifika kwenye sehemu ya hesabu, akauliza, "Nyumbani kwenu mko watoto wangapi?"

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo msomaji wa kwetu analijua tayari. Watoto hawahesabiwi. Mbuzi huhesabiwa, madebe ya mtama huhesabiwa, lakini mtu akimwonyesha mtoto kidole akasema huyu ni wa nne, anamwonyesha kwa kifo. Wateso wanalishika hilo, na Wasamia vilevile. Mama alilelewa hivyo. Ukitaka kujua habari za nyumba ya mtu, unauliza, "Nyumbani mpo?" naye anajibu, "Tupo." Aliyepotea utamsikia kwa sauti ya jibu.

Mama alifungua mdomo atafsiri lile swali, na Kiteso kikatoka kwa adabu aliyozaliwa nayo. "Nyumbani mpo?" alimuuliza mtoto.

Amongin alimtazama kwa mara ya kwanza. Akatikisa kichwa. Hapana.

"Anasema hapana," mama alimwambia daktari, na papo hapo akajua alichofanya.

Daktari aliinua kalamu. "Nimeuliza wangapi, naye anasema hapana?"

Mama angeweza kusema. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini kusema kulikuwa kukiri kwamba waya umebadilisha ujumbe, na alimwona muuguzi mkuu amesimama mlangoni, mwanamke aliyengoja kosa lake tangu mwaka wa kwanza. Akanyamaza. Daktari akaandika kwamba mtoto haelewi swali.

Akajaribu tena kwa njia nyingine. Alimwaga kokoto mezani akamwambia Amongin ahesabu. Amongin alizisukuma zikaanguka sakafuni. Alimpa vibao. Akavificha chini ya gauni lake akavikalia. Daktari alipojaribu kuvitoa, mtoto alitoa mlio usio na neno, kama mnyama aliyekanyagwa.

"Kesi hii naiona," daktari alisema akifunga kalamu. "Lakini kanuni ni vikao viwili. Aletwe Alhamisi ijayo. Isipobadilika, atapanda treni ya Ijumaa."

Mtoto alipotolewa, mama alibaki chumbani akiokota kokoto. Alimweleza daktari, kwa uangalifu, kwamba watu wa Mella hawahesabu watoto.

"Nimeishi hapa miaka sita, Norah. Najua hilo. Ndiyo maana nikampa kokoto. Watoto wa Mella huhesabu kokoto kila siku wakicheza. Huyu hawezi hata kokoto."

Kokoto hazina mwiko. Alirudi nyumbani akifikiria kokoto, akaunguza uji, na baba akamuuliza kama Mzungu wake hamfundishi kupika.

Jumapili baada ya ibada hakurudi nyumbani. Alishika njia ya Mella kwa miguu akiwa na viatu mkononi, akauliza kwa Ariokot mpaka akaonyeshwa. Nyumba ya kwanza aliyouliza walimwelekeza njia ya uongo. Ya pili walimfungulia mbwa.

Ariokot alikuwa akitwanga mtama uani. Hakumkaribisha.

"Umekuja kuniuliza nini? Kalimani wa Mzungu, harufu ya samaki nimeisikia kabla sijakuona."

"Yoga, toto," mama alimsalimu kama anavyosalimiwa mama.

"Mimi si mama yako. Mama yako yuko Busia anawapunja watu."

"Alikufa, toto. Na wewe mwenyewe ulimpunja vilevile, nakukumbuka. Ulikuwa ukitia vichwa vya samaki ndani ya shuka."

Kikongwe alisimamisha mchi. Mama aliapa kwamba alikaribia kutabasamu, lakini hasira ikamrudia upesi.

"Mjukuu wako nitampoteza kwa sababu ya swali moja," mama alisema. "Ijumaa atapanda treni. Niambie kwa nini hagusi hata kokoto."

"Apande. Alituhesabu."

"Nani?"

"Yeye! Yule!" Ariokot alielekeza mchi kwenye nyumba iliyofungwa mlango kwa nje. Amongin alikuwa ndani. "Walipokuja wale wa kuandika watu, Okiror na kitabu chake, mwanangu hakuwapo, mkwe wangu akakataa kusema. Akasema, andika kwamba tupo. Okiror akaona huyu ana mwaka mmoja wa shule. Akamwita. Akamwambia, wewe msomi, nihesabie. Akapita akituonyesha kidole! Mmoja mmoja! Mpaka mtoto wa mgongoni! Akafurahi, Okiror akamsifu. Baada ya wiki mbili surua ikaingia. Wa mgongoni akafa. Aliyemfuata akafa. Mama yao amerudi kwao, hataki kuona uso wa huyu. Sasa wewe unanitaka nini? Nilie?"

"Na ghala?"

"Kitabu kilikuwa ghalani. Okiror alikiweka juu ya mtama panya wasikifikie."

Basi mama akaelewa kokoto, na akaelewa moto. Mtoto alikuwa ametaka kufuta hesabu. Mama aliomba amwone mtoto kidogo, Ariokot akamnyanyulia mchi. Mama aliondoka huku watoto wa jirani wakimfuata wakiimba "mdomo, mdomo" hadi barabarani.

Alhamisi chumba kilijaa. Okiror alikuja na sare yake ya kaki iliyopigwa pasi, akaketi bila kualikwa. Ariokot alisimama ukutani. Daktari hakupenda, lakini chifu alisema yeye ndiye mlalamikaji. Amongin aliletwa amefungwa tena.

Kabla ya fomu kufunguliwa mama alisema, "Daktari, naomba niseme neno langu mwenyewe."

"Baada ya kipimo."

"Baada ya kipimo mtakuwa mmeshaandika. Huyu mtoto alihesabishwa watu na chifu. Wawili wakafa. Anaogopa..."

Okiror hakujua Kiingereza, lakini alilisikia neno chifu na akaona uso wa mama. "Nasema nini huyu? Nasema nini juu yangu?" Akasimama. "Kitabu naandika mimi! Kwa mkono yangu! Hakuna mtoto nahesabu! Serikali nakataza kuliza watoto, mimi najua sheria!"

"Anasema nini?" daktari akauliza.

Mama alitafsiri kila neno, kama waya.

"Basi ni neno la familia dhidi ya neno la chifu," daktari alisema, "na hakuna hata moja lililo kipimo. Kaa mahali pako, Norah. Tuanze."

"Swali la Alhamisi iliyopita nililiharibu."

Daktari alitua kalamu polepole.

"Ulisema wangapi. Mimi nilimuuliza kama wapo. Akajibu hapana, kwa sababu hawapo. Alielewa. Mimi ndiye niliyekosea, na nilinyamaza."

Muuguzi mkuu mlangoni alivuta pumzi kwa nguvu. Daktari alikuwa mwekundu shingoni. Alisema kwa Kiingereza taratibu sana kwamba kwa miaka minne alimwamini, na sasa hajui ni watoto wangapi aliowapima na wangapi waliopimwa na Norah Taaka. Mama hakutafsiri hilo kwa mtu. Daktari akasukuma vibao kuelekea kwa Amongin. "Mwambie ahesabu. Mara ya mwisho. Tafsiri sawasawa."

Mama alimwambia sawasawa. Amongin alivitazama vibao, akarudisha mikono nyuma ya mgongo. Daktari alishika kalamu.

Ndipo mama akavivuta vile vibao upande wake.

"Norah," daktari alisema.

Alichukua kibao chekundu akakisimamisha mezani. Akasema kwa Kiteso ili mtoto asikie, kwa sauti yake ile iliyoshuka, "Maloba. Mwanangu. Mmoja." Akachukua cha kijani, akataja jina langu. "Wawili." Nyuma yake Ariokot alipiga yowe akaziba masikio. "Mwanamke, una wazimu! Wanao wako hai!" Mama hakugeuka. Alichukua kingine, akataja jina la anayenifuata. "Watatu." Akaendelea. Mkono uliong'atwa ulikuwa bado umefungwa kitambaa. Hata leo sitaandika alifika ngapi. Alitupanga sote, kwa majina, mbele ya chifu na Mzungu na bibi wa watu, kila mmoja wetu na namba yake.

Amongin aliruka kutoka kwenye kiti. Kwa mikono miwili alizoa vibao vyote vikaanguka, akapiga magoti sakafuni akavichanganya, huku akipiga kelele kwa sauti iliyokauka kwa kutotumika.

"Usiwahesabu! Watakufa! Usiseme wangapi! Wachanganye, wachanganye, wasijulikane!"



"Tafsiri," daktari alisema.

Mama alitafsiri. Hakuongeza neno.

"Muulize kwa nini alichoma ghala."

Amongin alijibu akiwa sakafuni bila kuulizwa mara ya pili, maana alikuwa amelifungua lile lililozibwa na sasa lilitoka lenyewe. Alisema kitabu kilikuwa na kidole chake ndani. Alisema alidhani kikiungua wale waliobaki watakuwa hawajahesabiwa. Alimtaja aliyemwambia ahesabu, akamwonyesha kwa kidevu, kwa maana hakutaka tena kuonyesha watu kidole.

Okiror alichukua kofia yake. "Watoto nasema uongo," alisema, lakini aliisema akiwa mlangoni, na hakungoja itafsiriwe.

Daktari aliikata fomu kwa mistari miwili toka kona hadi kona, kwa sababu kipimo kilikuwa kimeharibika kwa mkono wa mkalimani. Chini yake aliandika kwa mkono wake kwamba mtoto anaelewa sababu na matokeo, anahurumia, ana ufahamu, atibiwe Tororo. Kisha akamwambia mama arudishe ufunguo wa chumba kabla ya saa kumi. Mama alisema hakumchukia kwa hilo. Mimi nilimchukia kwa niaba yake kwa miaka mingi, na hata sasa, baada ya kusoma chuoni kwa nini kipimo kisiguswe na mkono wa mtu wa tatu, sijafanikiwa kuacha kabisa.

Lakini ilibaki taabu. Matibabu yalihitaji mtu wa kumleta mtoto kila Alhamisi.

"Kwangu harudi," Ariokot alisema. "Nimesikia alichosema. Sijasahau alichofanya."

"Asipoletwa," daktari alisema, "sina pa kumweka ila Kampala."

Mama alitafsiri, kisha akasema, bila kutumwa na mtu, "Atakaa kwangu."

Tulikuwa uani, katika laini za wafanyakazi wa kiwanda, tulipomwona mama akija saa ya mchana, bila viatu vya kazi, na msichana mchafu nyuma yake. Habari ilikuwa imetangulia. Mke wa dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali, alikuwa amemwambia baba kwenye geti la kiwanda, naye akarudi mapema.

"Umenihesabia watoto," baba alisema. Alikuwa amekaa kwenye ngazi na vumbi lake lote. "Mbele ya watu. Kwa namba."

"Ndiyo, Baba Maloba."

"Sasa umeniletea na huyo aliyekufundisha."

Hakumpiga. Alimkataza tu kutugusa siku hiyo, kana kwamba kile alichokifanya kingetuambukiza, na kwa siku nyingi alikula peke yake mgongo ukiwa umetuelekea. Shangazi zangu walikuja kutoka Busia kwa basi kuja kumtukana mama, wakala chakula chake, wakaondoka bila kutushika kichwani. Jirani aliwaita watoto wake ndani tulipotoka. Nasi watoto hatukuwa wema. Tulikataa kulala mkeka mmoja na Amongin. Nilimwambia mimi mwenyewe kwamba nikifa nitarudi kumkaba shingo, na yeye alinitazama kwa makini kama mtu anayepewa habari anayoitarajia.

Kila Alhamisi mama alimpeleka hospitali. Hakuruhusiwa veranda. Mkalimani mpya alikuwa dresa kijana, Edimu, aliyempita mama bila salamu. Mama alikaa nje kwenye nyasi upande wa jiko la hospitali, akichambua mboga ndani ya ungo, mpaka mtoto atoke. Alisema kwa mbali aliusikia mchanga ukimwagwa sandukuni, ukimwagwa tena.

Mwezi wa kumi na moja Maloba akaugua homa. Alikuwa kifungua mimba wa baba, kibao chekundu. Siku ya pili hakumjua mtu. Baba hakwenda kazini. Alisimama mlangoni akamwambia mama kwa sauti ya kawaida, "Huyu akifa, mtatoka wote wawili, na hutachukua hata mwiko."

Amongin alisikia. Tulimtafuta, tukamkuta nyuma ya nyumba ndani ya kuni, amejikunja, akikataa chakula. Mama alimtoa kwa kumvuta mkono, akilia kwa hasira, akamkalisha kando ya mkeka wa Maloba.

"Utakaa hapa. Utamtazama," alimwambia. "Hutajificha. Kama anakufa, utaona ni homa inayomuua. Kama anapona, utaona hilo pia. Na mimi nitakaa nawe, kwa sababu niliyemhesabu ni mimi."

Walikaa siku mbili. Dawa ya malaria ilipatikana, mama aliisaga ndani ya maji ya sukari. Siku ya nne mchana Maloba alifungua macho akamtukana mdogo wake kwa kumkanyaga, kisha akaomba uji. Amongin alimtazama akinywa bakuli zima. Baba aliingia, akatazama bakuli tupu, akachukua kofia yake akaenda kiwandani. Sikuwahi kusikia mtu akimwomba mama radhi. Lakini Alhamisi iliyofuata Edimu alitoka veranda, akamjia mama kwenye nyasi.

"Leo amezika wadogo zake kwenye mchanga," alisema. "Kwa majina. Daktari anataka ujue."

"Amesema nijue?"

"Amesema."

"Haya," mama alisema, akaendelea na mboga.

Ariokot alikuja katikati ya Desemba, habari za kupona kwa Maloba zilipokwisha kufika Mella. Alisimama mwisho wa uwanja wetu, pale majirani wanapotupa majivu, akakataa kukanyaga zaidi. Wanawake wa laini walitoka milangoni kutazama. Mama alikuwa akifua. Amongin alikuwa jikoni akikanda unga, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi.

"Sikuja kukushukuru," kikongwe alisema.

"Sijakuuliza."

"Nimekuja kumchukua."

"Kumchukua nani?"

Ariokot alizungusha fimbo. "Unajua nani."

"Mimi kalimani, toto. Sisemi lisilosemwa. Umekuja kumchukua nani?"

Kikongwe alitazama wanawake milangoni, akatazama dirisha la jikoni. Alisema jambo kwa sauti ya chini, ndani ya meno. Nilikuwa karibu na mama na nililisikia wazi. Naye mama alikuwa amelisikia, nilimjua.

"Sijasikia," mama alisema, akikamua shuka.

"Mjukuu wangu!" Ariokot alipaza sauti, kwa hasira ya mtu anayeporwa. "Nimesema nimekuja kumchukua mjukuu wangu, Amongin, mtoto wa mwanangu! Umesikia sasa, mwanamke wa samaki?"

Jikoni unga uliacha kukandwa. Kisha Amongin akatoka, mikono yote miwili ikiwa na unga hadi kwenye viwiko, akapita mbele yetu bila kutuaga, akaenda kusimama penye majivu, kando ya bibi yake.